Msafara wa Kwenda Kunyamaza

Nchi yetu sitaitaja jina. Si woga, msinielewe vibaya, ni adabu tu, kama mtu asivyomtaja baba mkwe wake kwa jina mbele za watu. Nyinyi iiteni mnavyopenda. Na mkiona inafanana na mahali mnapopajua, hayo ni macho yenu, nendeni mkayapime.

Cha kwanza mjue kwamba nchi yetu ni tulivu. Hakuna nchi tulivu kama yetu duniani. Tunalijua hilo kwa sababu tunaambiwa, kuanzia alfajiri hadi wakati wa kulala, na spika zilizofungwa juu ya nguzo katika kila mtaa. “Ndugu wananchi, tulieni! Nchi yenu ni tulivu! Ewe usiyetulia, tulia!” Baada ya hapo unapigwa Wimbo wa Utulivu, wenye tarumbeta na ngoma kubwa, halafu maneno yanarudiwa kwa faida ya wale ambao hawakusikia. Mimi sijawahi kukutana na ambaye hakusikia, lakini serikali yetu haimwachi mtu nyuma.

Mimi ni balozi wa nyumba kumi. Kazi ya balozi ni kujua: nani kapata mgeni, nani kagombana na mkewe, nani kapika pilau siku isiyo na sababu. Na tangu Utulivu ulipoanza nimeongezewa dhamana nyingine, ufunguo wa kisanduku cha spika ya mtaa. Kisanduku kiko chini ya nguzo, na nguzo iko kati ya nyumba yangu na nyumba ya Bi Stumai. Upande wangu inatazamana na choo. Upande wake inatazamana na dirisha la chumba anacholala. Mafundi walipokuja kuichimbia walitaka kuisogeza kwangu, lakini nikawakaribisha chai, na baada ya chai wakagundua kwamba udongo wa kwake ni imara zaidi. Mimi si fundi, nitabisha nini?

Bi Stumai ni mkunga. Mjane, mrefu, mikono mikubwa ya kumtuliza mtu. Nusu ya watu wa mtaa wetu walipokewa na mikono ile, pamoja na mwanangu wa pekee, Mwajabu, ambaye siku hizo ninazozisimulia alikuwa amerudi kwangu na mimba yake ya kwanza, kama desturi yetu ilivyo, mtoto wa kike akajifungulie kwao.

Basi asubuhi moja Bi Stumai akabisha hodi. Macho yamemwiva, kwenye masikio kaweka pamba.

“Balozi, nataka kusafiri,” akasema.

“Kheri! Unakwenda wapi?”

“Eti?”

“Nasema, unakwenda wapi?”

“Nje. Milimani. Kuna rafiki yangu tulisoma naye ukunga, siku hizi anaishi kwenye nyumba moja ya tafakuri na yoga. Amenialika.”

Nikamwuliza hiyo yoga ndiyo kitu gani. Akanieleza kwamba watu wanakaa chini, wanajinyoosha, wanavuta pumzi, wananyamaza.

“Halafu?”

“Basi.”

“Yaani, dada Stumai, unapanda ndege kwenda kukaa chini?”

“Kukaa kimya, Balozi. Wiki mbili tatu. Daktari wa masikio ameniambia hayana ugonjwa, yamechoka. Nikiyapumzisha mahali pasipo na kelele yatarudi. Nisipoyapumzisha yatakwenda moja kwa moja.” Akasogea karibu, akanishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. “Juzi nimemwekea mjamzito mmoja kile kipembe changu cha kusikilizia tumboni, nasikiliza moyo wa kichanga. Unajua nilisikia nini? ‘Tulieni.’ Na umeme ulikuwa umekatika, kaka. Spika ilikuwa haisemi. Ilikuwa inasema humu.” Akajigonga kichwani. “Sasa mkunga asiyesikia moyo wa mtoto ni mkunga gani? Huyo Mwajabu wako nitamsikilizaje?”

Nikamwambia pole sana. Akaniomba kama siwezi kuzima japo saa moja kila siku. Nikamwonyesha ufunguo. “Dada, huu ni wa serikali,” nikamwambia. “Cha kwangu hapa ni mfuko tu.”

*

Sasa, kwetu mtu haondoki bila kuaga. Hiyo ni desturi ya tangu na tangu, na ni nzuri. Serikali ikaona uzuri wake, ikaifanya sheria. Anayetaka kuvuka mpaka lazima awaage majirani wote, kisha Kata, kisha Wilaya, kisha Wizara, na kila anayeagwa ana haki ya kumpa msafiri nasaha na kumwagiza kitu. Na kote anakokwenda kuaga lazima asindikizwe na balozi wake, ili pasitokee mtu akaaga kwa uso ambao haukuridhika.

Kabla hatujaanza, yule rafiki wa milimani akampigia simu kumkumbusha aje na mkeka, maana kule kila mtu hukalia wa kwake. Bi Stumai akaenda sokoni akanunua mkeka mpya, akarudi nao begani mchana kweupe, peke yake, uso umemkunjamana. Jamani! Mjane, mkeka mpya, uso ule. Mtaa mzima ukajua kuna msiba, kilichobaki ni kujua nani kafa.

Mama Tunu, jirani wa nyuma, ndiye aliyekwenda kuchungulia. Bahati mbaya alichungulia wakati Bi Stumai anajifunza ule mkao wao wa kumalizia, wa kulala chali uani, miguu imenyooka, mikono pembeni, na kwa sababu ya nzi alikuwa kajifunika kanga hadi usoni. Mama Tunu alipiga ukunga ambao, kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa wetu, uliishinda spika.

Nilipofika turubai lilikuwa limeshafungwa. Wanawake wameketi wanalia, maharage yako jikoni, vijana wametumwa makaburini na majembe. Na marehemu yumo katikati yao, amekaa kitako juu ya mkeka wake, anawasihi: “Jamani mimi mzima! Nilikuwa napumua tu!”

“Sasa na mchele tumeshauosha,” akasema Mama Tunu, amekasirika kabisa. “Ungetuambia mapema.”

Nikaona nitumie busara ya uongozi. Nikatangaza kwamba kwa kuwa watu wamekusanyika na chakula kinaiva, shughuli hii igeuzwe kuwa ya kumuaga Bi Stumai. Watu wakafuta machozi, ngoma ikaletwa. Tukala, tukacheza mpaka jua likazama, na kila mmoja akapita mbele kutoa nasaha. Wakamwagiza sufuria, viatu, dawa ya mgongo. Mama Tunu alimwagiza blanketi zito, na akamwambia kwamba baada ya kumtia hofu ile lazima liwe la rangi mbili. Bi Stumai alikaa katikati ya ngoma, viganja vimebana masikio, anaitikia “ndiyo, ndiyo” kwa kila anayefungua mdomo. Nilipomwuliza kama amefurahi akaniambia kichwa kinataka kupasuka. Nikawatangazia kwamba amefurahi sana.

*

Kata ilipita salama. Wilayani tulipokewa na Bwana Shomvi, Afisa Utulivu wa Wilaya, mtu mfupi mwenye sauti ndefu. Ofisi yake ndiyo yenye spika kubwa kuliko zote, imefungwa humo humo ndani, kwa hiyo mle watu huongea kwa kupiga kelele kama wako ng'ambo mbili za mto.

“Unakwenda kutafuta nini huko nje?” akauliza Bwana Shomvi.

“Ukimya, mheshimiwa.”

Bwana Shomvi akaweka kikombe chini polepole. “Ukimya wetu una kasoro gani?”

“Hauna kasoro, mheshimiwa. Ila sijauona.”

“Hujauona! Balozi, umesikia? Serikali inatangaza ukimya usiku na mchana, mama mzima anasema hajauona. Utauonaje wakati umejiziba pamba?”

Nikamwombea radhi, nikasema ni mgonjwa. Bwana Shomvi akasema hapo ndipo penye tatizo. Mwananchi akitoka nchi tulivu kuliko zote kwenda kutafuta utulivu kwingine, walimwengu watasema nini? Lakini yeye si mtu mbaya, na kwa kweli mama yake alizalishwa na Bi Stumai alipomzaa mdogo wake wa mwisho. Akazunguka meza mara kadhaa, akasimama, uso ukamng'aa.

“Huendi kutafuta,” akasema. “Unakwenda kuwafundisha!”

“Mimi?”

“Wewe ndiye mjumbe wetu. Utawapelekea utulivu, maana wao wanautafuta kwa kukaa chini, masikini, hawana spika.”

Bi Stumai akanitazama. Nikamkonyeza akubali, maana mwaka mzima watu hutoka ofisi ile na majibu mabaya zaidi. Akakubali. Papo hapo Bwana Shomvi akaanza ukaguzi wa pumzi, kwa sababu mjumbe hawezi kupelekwa nje na pumzi ambayo haijakaguliwa. Akamwamuru avute, akavuta. Akamwamuru atoe, akatoa. Akatikisa kichwa, hakupendezwa.

“Unavuta vizuri. Lakini kwenye kutoa kuna kitu. Hiyo si pumzi, mama, hiyo ni kushusha pumzi. Mtu anayeshusha pumzi ana jambo. Rudia.”

Alirudia hadi akapata kizunguzungu, nikamshika. Bwana Shomvi akaridhika. Alisema mwisho ile pumzi ilikuwa haina jambo tena.

Tulipotoka nje Bi Stumai alikaa kwenye ngazi za ofisi. Akaniambia, “Kaka, nahisi kama mtu aliyefungiwa ndani ya ngoma, na kila anayepita anaipiga.” Nikamwambia avumilie, safari imeiva. Na kweli nilidhani imeiva. Nilikuwa namwombea kwa moyo wote, na si kwa ajili yake tu. Tumbo la Mwajabu lilikuwa limeshuka.

*

Mjumbe wa nchi hasafiri peke yake kama mtu aliyefukuzwa. Lazima awe na msafara, na msafara lazima uwe na kiongozi. Mheshimiwa Waziri wa Utulivu mwenyewe, aliposikia kwamba huko ni milimani na kuna baridi nzuri, akajitolea kuuongoza. Waziri hatembei bila mama Waziri. Mama Waziri hatembei bila shoga yake. Halafu wakaongezwa watu wa itifaki, watu wa habari, Bwana Shomvi kama mwenye wazo, kwaya ya Wizara, mpiga tarumbeta, na fundi wa spika pamoja na spika yenyewe, kwa sababu ukimya wa Waziri ulitakiwa usikike hadi nyumbani.

Siku ya safari tulikwenda uwanja wa ndege na mtaa mzima. Bi Stumai alivaa gauni lake la kijani, mkeka kwapani, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamwona anacheka. Mwajabu, na tumbo lake lile, alikuja kumbusu. “Uwahi kurudi, mama mkunga,” akamwambia. “Huyu anakusubiri wewe.”

“Nitarudi na masikio mapya,” akajibu Bi Stumai. “Nitamsikia hata akipiga mwayo.”

Zikafuata hotuba. Mheshimiwa Waziri alizungumza kwa kirefu juu ya faida za kutozungumza. Alisema kunyamaza si kazi ya mchezo, kunahitaji bajeti, kunahitaji utashi wa kisiasa, na kwamba yeye binafsi amekuwa akinyamazia mambo mengi tangu ujana wake na ndiyo maana amefika alipofika. Tukapiga makofi hadi viganja vikawaka.

Walipoanza kupanda ngazi, mtu wa itifaki akamsimamisha Bi Stumai kwa heshima zote. Viti vimekwisha. Wamejaribu kila njia. Walifikiria kumwacha mpiga tarumbeta, lakini bila tarumbeta nani angejua kwamba msafara umefika?

“Lakini mimi ndiye msafiri,” akasema Bi Stumai.

“Ndiyo, mama, na tunakupongeza. Utawakilishwa.”

“Ninawakilishwaje kusikia?”

Mtu wa itifaki akacheka kwa adabu. Mheshimiwa Waziri, aliyekuwa ameshafika juu, akateremka ngazi mbili, akasema kwa unyenyekevu wa ajabu kwamba angeomba tu aazimwe ule mkeka. Picha zikapigwa. Bi Stumai alikuwa bado ananyoosha mkono kuushika mkeka wakati ulipokuwa umeshaondoka kwapani mwake.

“Balozi,” akaniambia, ndege inanguruma, “masikio yangu.”

“Wameyaendea, dada,” nikamwambia. Mwajabu ndiye aliyemshika bega akamrudisha nyumbani, na njia nzima hakuna aliyesema kitu isipokuwa spika za barabarani.

*

Kutoka milimani tuliletewa matangazo ya moja kwa moja. Amri ilifika kwamba spika zote nchini zifunguliwe hadi mwisho, maana ukimya ni kitu kisichosikika kwa urahisi. Nikafungua hadi mwisho. Vigae vya kwangu vilitetemeka, kwa hiyo sijui kwa Bi Stumai ilikuwaje.

“Ndugu wananchi,” Mheshimiwa Waziri alikuwa akinguruma, “nawasemesha nikiwa juu ya mkeka. Hivi ninavyosema, nimenyamaza kabisa!”

“Mheshimiwa amenyamaza muda mrefu kuliko kiongozi yeyote wa ukanda huu!” Bwana Shomvi alimfuatia. Makofi. Kisha kwaya ikaimba wimbo mpya uitwao Hatusemi Kitu, wenye beti nyingi sana, na tarumbeta ikajibu.

Bi Stumai alisimamisha godoro dirishani. Akaongeza gunia, akaongeza nguo zake zote. Akajaribu kwenda kulala kwa Mama Tunu, lakini Mama Tunu naye ana nguzo yake. Akajaribu kutoka mjini kwa miguu, akarudishwa, kwa sababu safari hii alikuwa hajaaga. Nilimwona jioni amekaa ukutani kwake, nikampungia. Nikamwita jina. Nikamwita tena. Nikajisemea labda kanuna.

Huko milimani wenyeji waliwagongea kengele watu wetu, kengele ya kuomba watu waondoke, nadhani, maana waliigonga kila walipowaona. Msafara ukaipokea kama heshima ya kijeshi, na ukaomba kengele moja iwe zawadi. Basi tukatangaziwa kwamba wanarudi na ushindi, na kengele.

*

Siku ya mapokezi barabara zote zilifungwa tangu asubuhi. Mimi nilikuwa navaa koti langu la sherehe nikamsikia Mwajabu ananiita kutoka chumbani, sauti si yake.

“Baba, maji yametoka.”

Nikakimbilia barabarani. Askari akaniambia hapiti mtu mpaka msafara upite. Nikamwambia mwanangu anajifungua, hospitali ni pale tu. Akaniambia hata yeye mkewe yuko upande wa pili, tangu asubuhi. Nikarudi mbio, nikampigia Bi Stumai mlango kwa ngumi mpaka ukafunguka wenyewe. Alikuwa ameketi sakafuni bila mkeka. Nikamwonyesha kwa mikono, tumbo, nyumba yangu. Akanyanyuka akachukua kipembe chake na mfuko wake.

Mwajabu alikuwa anauma shuka. Nje spika imefunguliwa hadi mwisho inatangaza uwanja wa ndege: ndege inaonekana, ndege inashuka, mlango unafunguliwa. Bi Stumai akapiga magoti, akaweka kipembe tumboni, akalaza sikio. Akahamisha. Akahamisha tena. Nilimwona mgongo unavyokakamaa.

“Sisikii moyo,” akasema.

Nikamsogelea. “Unasemaje?”

“Spika hiyo, Balozi. Sisikii moyo wa mtoto kwa ajili ya spika. Izime.”

Sikufikiri kitu. Sikumbuki hata kutoka mlangoni. Nakumbuka mkono wangu ukiwa ndani ya kisanduku na ufunguo umekwishageuka.

Sijui niwaelezeje kilichofuata. Mtaa ulikaa kimya. Nikasikia kuku akiparua. Nikasikia maji yanadondoka kwenye ndoo ya mtu, nyumba ya tatu. Watu wakaanza kutoka nje mmoja mmoja, wanatazama angani, na Mama Tunu akanong'ona, “Jamani, serikali imeanguka?” Akajishika mdomo kwa jinsi alivyojisikia mwenyewe. Mzee mmoja akakaa chini akalia, hakusema kwa nini.

Nikarudi ndani. Bi Stumai alikuwa bado ameinama na sikio juu ya kipembe, macho kayafumba kwa nguvu.

“Zima, Balozi,” akasema.

“Nimezima, dada.”

“Nakuomba. Kwa ajili ya mwanao. Zima.”

“Nimezima! Sikiliza, hakuna kitu!”

“Zima basi, kaka! Bado inasema!”

Mwajabu akanitazama, nami nikamtazama. Mle chumbani mlikuwa kimya, nasikia hata pumzi zetu sote watatu, na Bi Stumai anaisihi spika inyamaze. Mwajabu akanyoosha mkono, akautwaa mkono wa Bi Stumai, akauweka ubavuni pake, mahali mtoto alipokuwa anapiga mateke. Bi Stumai akatulia. Akatupa kipembe kando, akafanya kazi yote kwa mikono ile mikubwa.

Mtoto alitoka mzima, wa kiume, mweusi tititi, na alilia kilio ambacho nadhani walikisikia hadi barabara kuu. Watu nje wakashangilia. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja. Lakini Bi Stumai alikuwa amemshika miguu kichwa chini, uso umemkauka kwa hofu.

“Mbona halii?” akasema. Akampiga nyayo. “Mbona halii? Jamani, mbona halii huyu?” Akampiga tena, na mtoto anapasua anga, anampiga tena, mpaka Mwajabu alipomshika kifundo cha mkono na kumwonyesha ule mdomo uliokuwa wazi.

Akautazama ule mdomo kwa muda mrefu. Kisha akamfunga mtoto kitovu, akamfunika, akamweka kifuani pa mamaye, akainama kuokota vitu vyake.

Simu yangu ikalia. Bwana Shomvi, kutoka jukwaani uwanja wa ndege.

“Balozi! Mtaa wako umekuwaje?”

“Umetulia, mheshimiwa.”

“Kama umetulia, mbona hatuusikii?”

Nikamtazama Mwajabu, nikamtazama mjukuu wangu. Nikatoka nje, nikawasha.

*

Mambo yameisha vizuri, kama yanavyoishaga kwetu. Mheshimiwa Waziri alipopewa taarifa za Bi Stumai alifurahi sana, akasema huyu mama amefikia daraja ambalo hata kule milimani hawajalifikia: anasikia ujumbe wa serikali usiku na mchana, bila nguzo, bila waya, bila umeme. Akamtunuku nishani. Alipokuwa akimvisha jukwaani alimwuliza, kwenye kipaza sauti, anajisikiaje. Bi Stumai alitabasamu na kumtazama midomo. Waziri akasema huo ndio utulivu tunaouzungumzia.

Kazi ya ukunga ameacha. Asubuhi hukaa uani kwake, dirisha lake siku hizi liko wazi, godoro limerudi kitandani. Mkeka haukurudi, ulibaki kwenye makumbusho ya Wizara. Juzi nilimsogelea, nikamwandikia mchangani kwa kijiti: Unasikia nini? Akakichukua kile kijiti, akaandika: Tulieni. Akafuta kwa kiganja, akaniangalia mpaka nikaondoka.

Kengele ya milimani imefungwa juu ya nguzo yetu, inagongwa kabla ya kila tangazo. Mjukuu wangu hushtuka kila ikigongwa, mwili mzima. Au niseme alikuwa anashtuka. Wiki hii nimemwona hashtuki tena. Jana Mwajabu alinifuata, amemziba mtoto masikio kwa viganja vyake viwili, akaniambia, “Baba, nataka kusafiri.”

Nikamwambia nchi yetu ni tulivu, mwanangu. Ilibidi nimwambie tena, maana hakunisikia.